Siku 19 nikisubiri sasisho moja la simu, na namna nilivyolinasa

Alfajiri ya Jumapili, adhana ikianza kusikika huku kwetu Oli, Arua, Uganda, faili la GB 2.1 lilimaliza kushuka kwenye laptopu yangu. Nilikuwa nimelisubiri siku 19. Mke wangu aliamka akanikuta bado nimekaa pale pale sakafuni aliponiacha usiku, simu imeungwa na waya, akaniuliza, "Baba, hujalala?" Nikamwambia nimelinasa. Hakuelewa nimenasa nini, lakini uso wangu ulimwambia ni jambo jema.

Siku tano baadaye faili hilo hilo liliokoa simu ya mama mmoja kutoka Terego. Ndiyo sababu naandika leo. Najua wengi mnaonisoma ni mafundi wenzangu, wa Arua, Koboko, Busia, Kasese, hata Kampala, na wote tunataka kitu kimoja: mteja akileta simu iliyokufa, aondoke nayo hai, na vitu vyake ndani.

Wengi wetu sasisho likija tunabonyeza pakua, tunabonyeza sakinisha, simu inajizima na kujiwasha, basi. Faili lenyewe limekwenda. Simu nyingi za zamani hulifuta baada ya kulitumia, na simu nyingi za sasa hazilihifadhi kabisa, kwani tangu Android 8.0 mfumo unaweza kulivuta sasisho kipande kwa kipande na kukiandika moja kwa moja kwenye sehemu ya pili ya kumbukumbu ya simu, huku wewe ukiendelea kupiga simu zako. Kunasa ni kukipata kile kiungo ambacho simu inakitumia kulivuta faili kutoka kwa mtengenezaji, kisha wewe mwenyewe ukalivuta likiwa zima na kuliweka mahali pako. Mimi nilijifunza thamani yake kwa njia chungu.

Ilikuwa Julai 2021. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tulikuwa ndani ya zile siku 42 za kufungiwa kwa sababu ya korona, magari ya kutoka wilaya hadi wilaya yamesimama, na mwezi huo huo bando likaanza kutozwa ushuru wa asilimia 12. Kila MB niliihesabu. Mimi na mjomba wangu tulikuwa na simu za aina moja, tulizinunua siku moja. Mjomba ni mfanyabiashara, bidhaa zake huvuka hadi soko la Ariwara upande wa Kongo, na madeni yote ya wateja wake aliyaandika kwenye simu: nani amechukua magunia mangapi, nani amelipa nusu, na picha za karatasi walizotia sahihi.

Sasisho lilinifikia mimi kwanza. Nililisakinisha, simu ikawa nyepesi, nikafurahi. Wazo la kulihifadhi lilinijia, nisiseme uongo, lakini kulivuta mara ya pili kwenye kompyuta kulimaanisha bando jingine, nikaacha. Siku mbili baadaye nikampigia mjomba, "Mjomba, apdeti imefika, bonyeza tu." Akabonyeza. Simu yake ilikuwa imejaa mpaka juu, na sikumwuliza. Ikajizima, ikawaka, ikakwama kwenye nembo ya kampuni. Asubuhi bado nembo. Jioni bado nembo.

Faili ambalo lingeiamsha simu ile lilikuwa ndani ya simu yangu saa 48 kabla, na mimi ndiye niliyeliacha lipotee. Nikatafuta mtandaoni, nikapata la nchi nyingine, nikaliingiza kwa programu ya kuflashi, yaani ya kuandika mfumo wa simu upya. Simu ikawaka, safi kama imetoka kwenye boksi. Hakuna hata namba moja ya mteja. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mpwa wangu, umekichoma kitabu changu." Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo simu zake anazipeleka kwa fundi mwingine, na tukikutana msibani au harusini tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, ya simu hayatajwi. Miaka imepita. Bado naumia.

Basi turudi kwenye hili la sasa. Sasisho la simu yangu lilitangazwa, na kila siku nikawa naona watu wa nchi nyingine wamelipata. Mimi kila nikibonyeza, jibu ni lile lile: mfumo wako ni wa kisasa. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa au huanza kufanya mambo ya hatari. Elewa kwanza kwa nini unasubiri. Mwaka 2013 Dan Morrill, wakati huo akiwa mhandisi wa Android huko Google, alieleza hadharani jinsi wao walivyokuwa wakisambaza: sasisho lilianza kwa asilimia 1 ya simu kwa saa 24 hadi 48, wakaangalia kama kuna hitilafu, kisha wakapanda hadi asilimia 25, 50, na mwisho 100. Wiki moja au mbili zinaweza kupita hivyo. Kwa hiyo hujasahauliwa. Foleni haijakufikia.

Na katika maelezo yale yale aliwaonya watu kuhusu kufuta data ya programu inayoitwa Google Services Framework. Zamani ndiyo ilikuwa hirizi yetu mafundi: futa data ile, bonyeza angalia sasisho, litakuja. Mimi mwenyewe niliwafanyia wateja wengi. Kumbe unachofuta ni kitambulisho ambacho simu inajulikana nacho kwa Google, na baada ya hapo programu nyingine zinaiona simu kama ngeni, arifa zinaweza kuacha kufika. Acha kabisa. Subira haina njia ya mkato hapa.

Nilichofanya katika zile siku 19 ni kuwa tayari kila usiku. Nilikwenda kwenye mipangilio, nikagonga nambari ya muundo mara saba mpaka chaguo za wasanidi programu zikafunguka, nikawasha utatuzi wa USB. Baada ya saa sita za usiku, bando likiwa nafuu, naunga simu kwenye laptopu, nafungua dirisha la amri, natumia adb, programu ndogo ya kompyuta inayozungumza na simu kupitia waya, na kuandika `adb logcat > usiku.txt`, ndipo nabonyeza angalia sasisho. Amri ile inanakili kila neno ambalo mfumo unajiandikia. Siku 18 nilifungua faili lile asubuhi nikakuta hakuna kitu.

Usiku wa 19, Jumamosi, mvua ilinyesha na umeme ukakatika saa tano. Betri ya laptopu yangu ni kongwe, inamaliza dakika 40. Nilifikiria kulala. Nikamkumbuka mjomba. Nikaivuta betri ya sola inayowasha taa za sebule, nikaunganisha, nyumba ikabaki giza. Saa saba kasoro nikabonyeza, na safari hii skrini ikaandika kwamba kuna sasisho. Nikabonyeza pakua, nikahesabu kama dakika moja, nikasimamisha. Nikafungua usiku.txt na kutafuta neno http. Mistari ilikuwa maelfu, lakini mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine, umeanza na https, umeishia na .zip. Mikono ilinitetemeka. Nikaunakili kwenye programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, maana mtandao wetu mnaujua, na ulikatika mara nne kabla ya alfajiri.

Faili likishafika, usilale hapo. Lifungue bila kulitoa, tafuta folda META-INF/com/android, ndani yake kuna faili dogo la maandishi linaloitwa metadata. Lisome. Mstari wa pre-device unakwambia ni la simu ipi, na post-build unakwambia litaifikisha simu kwenye toleo gani. Ukikuta pia mstari wa pre-build, hilo ni sasisho la nyongeza tu, linakubali simu iliyo kwenye toleo lile moja kamili na si jingine, kwa sababu lina tofauti za matoleo mawili peke yake. Langu halikuwa na mstari huo. Lilikuwa kamili. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti.

Ijumaa iliyofuata akaja mama yule kutoka Terego. Ni katibu wa kikundi cha akiba cha kina mama, na hesabu za wanachama 30 zote ziko kwenye simu. Mtu fulani alijaribu kumsaidia "kuiharakisha", sasa imekwama kwenye nembo. Fundi wa kwanza alimwambia lazima kila kitu kifutwe. Akaniambia, "Mwanangu, wakifuta, mimi kijijini sirudi." Nikaigeuza simu kusoma namba ya modeli. Ile ile yangu.

Nikaiwasha kwa vitufe hadi kwenye ukurasa wa urejeshaji, ule tunaouita rikavari, nikachagua kuweka sasisho kupitia adb, na kwenye laptopu nikaandika `adb sideload` na jina la faili. Rikavari hukagua sahihi ya mtengenezaji, yaani alama ya kidijitali inayothibitisha kwamba faili ni lake, kabla ya kukubali, na faili langu lilikuwa la mtengenezaji mwenyewe, halijaguswa, kwa hiyo sikuhitaji kufungua kufuli lolote ambalo lingefuta data. Nusu saa hivi. Simu ikawaka. Akaandika namba yake ya siri, akafungua kitabu chake, akaanza kusoma majina ya wanachama kwa sauti, mmoja mmoja, hadi wa 30. Watu wa vibanda vya jirani walisimama kusikiliza.

Ndugu yangu fundi, nakusihi. Ukipata simu yoyote ambayo sasisho lake linakuja, usibonyeze kabla hujaunga waya. Huna kompyuta? Kwenye chaguo za wasanidi programu kuna ripoti ya hitilafu: anza kupakua sasisho, chukua ripoti, kisha tafuta http na .zip ndani yake. Si kila simu itakuandikia kiungo wazi, na watengenezaji wengine wameondoa mlango wa adb kwenye rikavari, lakini jaribu kabla hujasema haiwezekani. Vuta mapema, kwani viungo vingine huisha muda. Usilifungue faili ukabadilisha kitu ndani, sahihi itavunjika. Usimwekee mtu toleo la nyuma ya alilonalo, mfumo utakataa. Mwulize mteja nafasi iliyobaki kwenye simu yake, mwulize mara mbili. Na wewe mwenye iPhone, usijidanganye kwamba kuhifadhi faili kunatosha: Apple ikiacha kutia sahihi toleo fulani, faili lile halikusaidii tena, hata kama unalo zima.

Bando ni ghali, najua. Mimi pia nina watoto wa kulisha. Lakini mteja anapokupa simu yake amekupa madeni yake, picha zake na siri zake, na wewe huna haki ya kupima hayo yote kwa bei ya GB mbili. Nilipima hivyo mara moja, mwaka 2021.

Sasa nina daftari. Kila modeli inayopita kibandani, naandika toleo lake, tarehe ya kiraka chake cha usalama, na kama nimenasa faili lake au bado. Hadi jana nina mafaili 7 kwenye diski ya nje, naiweka ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya vumbi na mvua. Ukiwa Arua au unapitia hapa, njoo na flashi ya GB 8 au zaidi, nitakunakilia bure. Ninalipwa kwa kutengeneza, faili silitozi. Ila andika kwanza namba ya modeli na toleo ulilonalo kwenye karatasi, na simu iwe na chaji zaidi ya nusu.