DVD halali, deki inaikataa

SWALI: Nimeletewa DVD halisi kutoka Marekani. Deki inaandika kwamba kanda (eneo la dunia) si sahihi, na kompyuta inaniuliza kama nibadilishe kanda. Nikubali?

JIBU: Subiri kwanza. Diski yako ni nzima. Imefungwa makusudi isichezwe nje ya kanda yake, na inaudhi kweli, maana umeilipia. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda sita: Marekani na Kanada ni 1, Ulaya Magharibi na Japani ni 2, sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India ni 5. Tazama nyuma ya kasha, kwenye mchoro wa tufe. Ukikuta ALL badala ya namba, haijafungwa.

Kiendeshi cha DVD cha kompyuta, yaani sehemu inayosoma diski, huruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu. Baada ya hapo hubaki kwenye kanda ya mwisho, na hata ukiweka Windows upya hutafaulu, kwa sababu hesabu imo ndani ya kiendeshi chenyewe. Afadhali utafute deki ya kanda zote. Hakikisha televisheni yako inapokea NTSC, mfumo wa picha unaotumika kwenye DVD za Marekani, la sivyo picha itaruka au kupoteza rangi. Blu-ray, aina nyingine ya diski za filamu, ina kanda zake, A, B na C, kwa hiyo uliza kivyake.