Kwa nini ukijizungusha kisha ukasimama, chumba kinaonekana bado kinazunguka?

Hapo macho yanasingiziwa tu, chanzo ni sikio la ndani. Mle mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, kila mmoja na mwelekeo wake: kichwa kikiitikia "ndiyo", kikikataa, au kikilalia bega. Ukizunguka kwa muda, majimaji nayo hushika mwendo. Ukisimama ghafla yanaendelea, kama maji ya ndoo uliyoyakoroga ukatoa mkono, na kupinda vinyweleo vya seli za hisia. Ubongo unapata taarifa kwamba sasa unazunguka kinyume, wakati miguu imetulia tuli.

Macho yanaingiaje? Yanapokea amri kutoka hukohuko sikioni. Mtazame mtu aliyetoka kuzunguka: mboni zinateleza polepole upande mmoja, kisha zinaruka kurudi, tena na tena. Ndiyo maana picha haitulii. Kukazia macho kitu kimoja kilichosimama kunasaidia, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya dakika moja hivi. Kizunguzungu kinachokuja chenyewe bila kuzunguka ni habari nyingine, hicho kamwone daktari.