Re: Kikombe cha nyonga kimevunjika, mbona daktari hampasui?

Pole kwa mdogo wako na hiyo ajali ya bodaboda. Umeuliza ile mistari aliyochora daktari kwenye eksirei ni ya nini. Anapima kama paa la kikombe (tundu la nyonga linaloshika kichwa cha mfupa wa paja), sehemu inayobeba uzito wa mwili, limesalimika.

Mstari mmoja unasimama wima kupitia katikati ya kichwa cha mfupa wa paja; wa pili unatoka hapo hapo hadi ufa unapoingia kwenye kiungo. Pembe kati ya mistari hiyo miwili hupimwa kwenye picha tatu: ya mbele na mbili za mshazari, ziitwazo picha za Judet. Kwa kipimo hiki, kiitwacho cha Matta, pembe zote zikizidi nyuzi 45, na kichwa kikatulia vizuri mahali pake bila mguu kuvutwa kwa uzito, mara nyingi kisu hakihitajiki. Atatembelea magongo bila kuukanyagia.

Lakini uliza jambo moja: ukuta wa nyuma wa kikombe umevunjika? Ukuta huo kipimo hiki hakiupimi kabisa, nyuzi ziwe ngapi. Hapo anahitaji CT scan (picha za kina za mfupa kwa kompyuta), na pengine nyonga ijaribiwe akiwa kwenye nusukaputi.

Picha za marudio msiziruke, mfupa huweza kusogea.