Afanye, ila bosi ajue

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama fundi aliyeajiriwa na mkandarasi ana haki ya kufanya kazi za pembeni. Mimi ni fundi umeme hapa Dar es Salaam. Miaka 11 nilikuwa chini ya mkandarasi, sasa nimejiajiri na nina vijana wawili. Jibu langu ni kwamba haki anayo, ila bosi wake ajue.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Zinazobaki ni za fundi mwenyewe, na anayezitaka azilipie. Saiti nyingi nilizopita, mkandarasi akicheleweshewa malipo na sisi tunaambiwa tuvumilie, lakini mwenye nyumba unayopanga havumilii na mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya ada. Kumkataza mtu wa namna hiyo asimfungie jirani taa tatu siku ya Jumapili ni kumwonea.

Kilichonifanya niandike, hata hivyo, ni nyumba moja ya Chanika.

Nilipewa kazi ile na mama mmoja nikiwa bado nimeajiriwa, na sikumwambia bosi. Natoka saiti jioni, nafika kwake saa mbili usiku, natindua ukuta kwa mwanga wa tochi. Waya sikununua wote. Saiti kulikuwa na mabaki ya waya wa milimita 2.5, vipande vya mita tatu, mita nne, nikawa navikunja begini huku nikijiambia kwamba vitatupwa tu. Vipande vifupi lazima uviunge. Kiungo kimoja cha soketi ya chumbani nilikisokota kwa mkono, nikakizungushia tepu, nikakifukia kwenye plasta bila boksi la kukilinda. Nilikuwa nimechoka, na gari la kazini lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Kiungo kilicholegea kinapata joto umeme unapopita, na sakiti breka haina habari na joto hilo. Breka ya ampea 20 inasubiri umeme uzidi kiwango, wakati pasi ya wati 1200 inavuta ampea 5 na kidogo. Kwa hiyo ukuta unaweza kuungua taratibu na breka isishuke.

Baada ya miezi minne mama akanipigia simu. "Fundi, juu ya soketi rangi imekuwa kahawia, na panatoa harufu ya plastiki." Nilikuwa Dodoma, bosi ametupeleka huko wiki tatu. Kuomba ruhusa nilishindwa, maana ningeulizwa kazi ipi na waya wa nani. Nikamwambia azime breka ya soketi. Alikaa hivyo siku 18, nguo za shule za wajukuu akipigia pasi kwa jirani. Niliporudi nikabomoa plasta, nikakuta tepu imeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi. Wajukuu wawili walikuwa wakilala chumba hicho.

Na ile nyumba nani aliithibitisha? TANESCO hawaungi umeme mpaka mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, athibitishe kuwa mfumo ni salama. Mimi leseni sikuwa nayo, kazini nilikuwa nimesimama nyuma ya leseni ya bosi. Nikamlipa mtu akagonga muhuri bila kuiona nyumba. Wateja wengi hawajui kwamba akija fundi wa kampuni kwa siri, leseni ya kampuni haiji naye.

Ndiyo maana vijana wangu nimewaruhusu. Kazi ikipatikana wananiambia iko wapi na ni kubwa kiasi gani. Ngazi na mega ya kupimia waya wanachukua, waya unanunuliwa dukani kwa risiti ya mteja, na kabla plasta haijapigwa naenda kukagua. Asilimia sichukui. Nakataa jambo moja tu: mteja niliyemletea mimi asimvute fundi pembeni amwambie, "Bosi wako ghali, njoo Jumamosi tumalizane." Huyo mteja nimemfuata kwa nauli yangu na nimemwandikia makadirio kwa muda wangu. Kumchukua ni wizi, hata kama umefanya kazi siku yako ya mapumziko.

Ijumaa iliyopita kijana mmoja alinipeleka Kivule kuona kazi yake. Alinifungulia boksi moja moja. Kwenye boksi la jikoni nikavuta waya, ukatoka kwenye konekta, skrubu ilikuwa haijakazwa. Aliikaza, tukapima upya, plasta ikapigwa Jumatatu.