Wakala anadai 80,000 za kazi ya aluminiamu Abu Dhabi

Mdogo wangu wa Likoni, umeuliza kama umlipe huyo wakala shilingi 80,000 akupeleke Emirates Global Aluminium. Shika pesa zako kwanza. Kampuni ipo kweli, tena kubwa: ilitokana na kuungana kwa viwanda viwili vya aluminiamu, Dubal ya Dubai, iliyoanza kazi mwaka 1979, na Emal ya Al Taweelah, Abu Dhabi. Lakini jina kubwa hata mimi naweza kulichapisha kwenye karatasi. Mtafute wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya hapa Kenya, kisha itafute nafasi yenyewe kwenye tovuti ya kampuni.

Na kazi uijue. Huendi kuchimba, boksiti yao, yaani mawe yenye madini ya aluminiamu, hutoka nchi za nje. Kiwandani alumina, unga mweupe unaotokana na boksiti, hutiwa kwenye matanki ya umeme, joto karibu nyuzi 960. Mimi nilimimina sufuria Magongo, hapa Mombasa, miaka mitatu, aluminiamu chakavu tu, inayoyeyuka kwa nyuzi 660, na nyusi ziliniungua mara mbili. Jua la Machi la hapa ni mchezo.

Wakikupa mkataba, angalia mshahara wa msingi, si ule uliochanganywa na ovataimu.