Jeni ipo ila imezimwa: maswali yenu kuhusu sikoseli na vinasaba

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinagusa vinasaba, na kati ya hizo nyingi ni za sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, basi nimeona ukurasa wote tuuachie jambo hilo hilo. Ukiielewa jeni moja (kipande cha DNA chenye maelekezo ya mwili) vizuri, ilivyojengwa na inavyowashwa na kuzimwa, umeshaelewa sehemu kubwa ya habari za jeni zingine.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu alizaliwa mzima kabisa, akanyonya, akanenepa, alipofika miezi saba mikono na miguu ikaanza kuvimba, analia usiku kucha. Kupima wakaniambia ni SS. Mama mkwe anasema kwao hakuna ugonjwa huo nimeutoa kwetu, majirani wanasema karogwa, manake angezaliwa nao ungeonekana siku ile ile. Naomba nieleze ulijificha wapi miezi yote hiyo? (Mama, Mwanza)

JIBU: Marahaba mama, pole sana kwa kukesha na pole zaidi kwa maneno. Nianze na mama mkwe. Mtoto akiwa SS maana yake amepokea S moja (S ni jeni yenye hitilafu ya sikoseli, A ni ile ya kawaida) kutoka kwako na S nyingine kutoka kwa baba yake, haiwezekani zote mbili zikatoka upande mmoja wa ukoo. Mwenye S moja tu (AS) kwa kawaida haumwi, kwa hiyo ukoo unaweza kupita vizazi na vizazi na S ndani yake na watu wakasema sisi kwetu hakuna, na wanasema kweli kwa jinsi wanavyoona. Baba wa mtoto naye akapime, sio kwa ajili ya kumshika uchawi mtu, ni ili mjue kwa watoto wanaokuja.

Sasa swali lako la pili, na hilo ni zuri sana. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu, imeundwa na minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya aina nyingine. Hiyo aina nyingine inabadilika kulingana na umri! Mtoto akiwa tumboni anatumia minyororo inayoitwa gama, ndiyo inayotengeneza himoglobini ya kijusi, HbF, ambayo inavuta oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama ndo maana mtoto anaipata kupitia kondo. Kuelekea kuzaliwa na baada ya hapo jeni za gama zinazimwa polepole na jeni ya beta inashika zamu. Hitilafu ya sikoseli iko kwenye beta. Gama haina shida yoyote. Kwa hiyo mwanao alizaliwa na hitilafu kamili ndani yake ila damu yake bado ilikuwa imejaa HbF ya tumboni, ikamlinda, ilipokuwa inapungua miezi mitano, sita, saba ndipo beta yenye S ikatawala na maumivu yakaanza. Uvimbe wa mikono na miguu mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kabisa kwa watoto wachanga. Hakuna mtu aliyemroga, ni saa ya mwili tu imefika.

Mshike na kliniki. Penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria, chanjo zote bila kuruka. Akipata homa usisubiri asubuhi, mpeleke, na wakuoneshe jinsi ya kupapasa bandama lake, likivimba ghafla huku mtoto anakuwa mweupe hiyo ni dharura.

SWALI: Mwalimu mimi nipo kidato cha sita, Iringa. Tumefundishwa muundo wa jeni na uainishaji wake lakini nakariri tu. Eksoni, introni, promota, jeni za udhibiti, jeni bandia, vyote vinaelea kichwani. Naomba mfano mmoja unaoshikika.

JIBU: Tuchukue hiyo hiyo beta. Ipo kwenye kromosomu (mojawapo ya nyuzi za DNA ndani ya seli) ya 11, na ni fupi, herufi kama 1,600 tu katika DNA yako yenye herufi bilioni 3 hivi. Mbele yake kuna promota, kipande ambacho chenyewe hakitengenezi kitu, kazi yake ni mahali pa kutua ile mitambo ya kunakili. Afu jeni yenyewe: eksoni ya kwanza, introni fupi ya herufi 130, eksoni ya pili, introni ndefu ya herufi 850, eksoni ya tatu. Seli inanakili yote kwenda RNA, yaani nakala ya muda ya jeni, bila kuchagua, halafu introni zinakatwa na eksoni zinaungwa pamoja kama fundi cherehani anavyotupa vipande visivyohitajika na kushona vilivyobaki. Ukifanya hesabu utaona zaidi ya nusu ya jeni hii inatupwa! RNA iliyobaki ina herufi kama 626, na kati ya hizo 444 tu ndo zinasomwa tatu tatu kutengeneza protini, pamoja na tatu za mwisho zinazosema simama hapa.

Na sikoseli ni herufi moja tu humo. Kwenye neno la sita (kila neno ni herufi tatu), GAG imekuwa GTG, asidi amino (tofali la protini) ya glutamiki inaondoka inaingia valini. Valini haipendi maji, kwa hiyo himoglobini ikishaachia oksijeni inanasana na mwenzake, zinajipanga nyuzi nyuzi na seli inapinda umbo la mundu. Mwanasayansi Linus Pauling na wenzake mwaka 1949 walionesha himoglobini ya wagonjwa ni tofauti, miaka michache baadaye Vernon Ingram kule Cambridge akaonesha tofauti yote ni asidi amino moja. Mimi hiyo habari sijaizoea kabisa, herufi moja kati ya bilioni tatu na mtoto anakesha analia.

Uainishaji sasa. Jirani ya beta kwenye kromosomu 11 wamejipanga ndugu zake kwa mstari: epsiloni, gama mbili, kisha moja ambayo ni jeni bandia, kisha delta, kisha beta. Mpangilio wao unafuata zamu zao kimaisha, epsiloni inafanya kazi wiki za kwanza za mimba, gama inafuata, delta na beta ndo za ukubwani. Hiyo inaitwa familia ya jeni, zote zimetokana na babu mmoja aliyenakiliwa akanakiliwa tena. Ile bandia ni nakala iliyoharibika, haitoi protini. Ndugu zao wengine, wa alfa, wapo kwenye kromosomu 16. Zote hizi zinazotoa protini ya kazi tunaziita jeni za muundo. Jeni za udhibiti ni zile ambazo protini yake kazi yake ni kuwasha au kuzima jeni nyingine, mfano BCL11A iliyopo kromosomu ya 2, protini yake ndiyo inayoizima gama. Kuna kundi la tatu watu wanalisahau kwenye mtihani, jeni ambazo mwisho wake ni RNA na sio protini, kama zile za ribosomu, viwanda vya protini ndani ya seli.

Halafu ukumbuke seli ya ngozi yako ina beta ile ile ila haitengenezi himoglobini hata chembe. Kuwa na jeni ni jambo moja, jeni kufanya kazi ni jambo jingine, na mtihani unapenda sana kuuliza hapo.

SWALI: Mimi na mchumba wangu tumepima wote AS. Wazee wanasema tuachane. Unatushauri nini? Na kwa nini S haiishi tu ikatoweka kama inaua? (Kijana, Mombasa)

JIBU: Kila mimba, robo uwezekano ni SS, nusu ni AS, robo ni AA. Kila mimba narudia, manake wengi wanadhani wakishapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wako salama, sivyo, kila mara hesabu inaanza upya. Nyie wenyewe mnaishi vizuri kwa sababu jeni zote mbili zinafanya kazi na A inazidi S kwenye seli zenu, nyuzi hazijengeki kirahisi.

Kuhusu kutotoweka, mtafiti Anthony Allison aliyekulia Kenya alipima watu huku kwetu Afrika Mashariki na mwaka 1954 akaandika kwamba watoto wenye AS wanakingwa na malaria. Sio kwamba hawaambukizwi, ni kwamba ile kali inayoua inawapata kwa nadra. Ndo maana S imekaa sana ukanda wa ziwa na pwani kwenye mbu wengi na kule milimani kwenye baridi ni chache.

Kuachana au la siwezi kuamua kwa barua, na wazee wenu nawaheshimu, wanaogopa kitu ambacho kweli kinaumiza. Ninachowaomba muende pamoja kwa mshauri wa vinasaba au daktari wa damu kabla ya ndoa, na mkioana kila mtoto apimwe anapozaliwa tu, kwa sababu anayeanza dawa mapema na anayegundulika akiwa ameshaumia maisha yao hayafanani.

SWALI: Nina ndugu Tanga na wengine wapo Muscat, wote wana SS. Wa kule wengine wamefika miaka thelathini bila kulazwa sana, wa kwetu analazwa kila baada ya miezi michache. Ni hospitali tu au kuna kingine? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Huduma inachangia, lakini kuna kingine kweli. S haikuzaliwa kwenye kromosomu ya aina moja, mazingira ya jeni yanatofautiana. Kuna aina inayopatikana India na mashariki ya Arabuni ambayo gama yake haizimwi sana, mtu mzima anabaki na HbF nyingi na ugonjwa unakuwa mpole. Oman ina mchanganyiko, kuna hiyo na kuna zilizotoka Afrika, kwa hiyo hata ndani ya familia moja ya Muscat unaweza kukuta wawili tofauti. Isitoshe kule alfa thalasemia, hali ya kurithi ya upungufu wa minyororo ya alfa, ni ya kawaida na yenyewe inabadilisha hali ya damu.

Na hapo ndipo tiba ilipotokea. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, inapandisha HbF. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ukatoka 2019 ulionesha watoto wetu wanaoitumia wanapata maumivu machache, malaria chache, wanaongezewa damu mara chache na vifo vinapungua. Inataka kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha seli nyeupe, lakini mgonjwa wa Tanga muulize daktari wake mbona hajaanzishiwa. Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 waliruhusu Casgevy, tiba inayokata swichi ya BCL11A kwenye seli za uboho ili gama iamke. Angalia, hawajairekebisha beta hata kidogo! Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na kwa kweli inaniuma kwamba wagonjwa wengi wako huku na tiba iko kule.

SWALI: Mtoto akiongezewa damu ya mtu AA, jeni zake zinabadilika? (Baba, Bukoba)

JIBU: Hapana. Seli nyekundu zilizokomaa hazina kiini, kwa hiyo hazina hizo jeni kabisa, na zinaisha ndani ya siku 120. Kiwanda ni uboho. Anayepandikizwa uboho wa ndugu aliyelingana naye anaanza kutengeneza damu ya yule ndugu na anaweza kupona, ila mayai au mbegu zake za uzazi zinabaki na S vile vile, kwa hiyo hata akipona, mwenzi wake lazima apime.