Mfuko Hutuna, Unga Huumuka: Majibu kwa Wasomaji

Kwenye vikao vya harusi tunaombwa "kutunisha mfuko". Mimi nilizoea kusikia kutunisha misuli. Ni Kiswahili sahihi hicho? (Msomaji, Dodoma)

Sahihi kabisa, tena kizuri. Kitenzi chenyewe ni *tuna*, yaani kuvimba hadi kionekane kwa nje kwamba ndani kuna kitu. Shavu lenye kipande cha muwa hutuna. Mfuko wa suruali uliojaa noti hutuna. Ukikifanya kitu kitune, umekitunisha. Ndiyo maana mchangiaji wa harusi hutunisha mfuko na mbabe wa mtaani hutunisha misuli kwa kitenzi kilekile. Magazeti nayo huandika kwamba nchi mbili "zinatunishiana misuli" zinapotishana, na hapo pia neno limekaa mahali pake. Nisichokubali ni "kutuna mfuko wa harusi". Mfuko hutuna wenyewe, ninyi wanakamati mnautunisha. Wala usilichanganye neno hili na *tuna* ya "tuna wageni leo". Yamefanana kwa sura tu.

Nauza vitumbua. Nikisema unga umevimba, mwanangu ananisahihisha kwamba umeumuka. Nani mkweli? (Mama muuza vitumbua, Tanga)

Mama yangu, mwanao amepatia. Kuumuka ni kazi ya hamira au chachu. Ule mchele wako uliosagwa ukachanganywa na tui, ukiufunika mahali penye joto, unapanda bakulini, juu unafanya mapovu na vitundu vidogo vidogo, na ukiuchota kwa upawa unausikia mwepesi. Kilichoukuza ni hewa. Maharage uliyoloweka jana usiku yamekunywa maji. Hayo ndiyo yamevimba. Na wewe unayetia hamira *unauumua* unga. Naomba sana neno hili *umua* tusiliache lipotee, maana siku hizi nasikia hata wapishi hodari wakisema "nauvimbisha unga", ilhali jikoni kwao neno lake lipo.

Mke wangu akila sana husema "nimevimbiwa". Vijana wa kijiweni nao husema "usinivimbie". Ni neno moja? (Msomaji, Temeke)

Ni moja, ila limeshika njia mbili. Kumvimbia mtu ni kumkaidi usoni. Mwanafunzi ameambiwa atoke darasani, amebaki amesimama, kifua mbele, midomo imetuna, hasemi wala haendi: huyo amemvimbia mwalimu. Kuvimbiwa kumegeuza mambo, maana hapa mtu ndiye anayetendwa. Chakula kimemzidi, tumbo limejaa gesi, anacheua, anatafuta pa kujinyoosha. Kwa hiyo husemwa pia kwamba fulani amevimbiwa na madaraka, kama vile cheo nacho ni pilau aliyoshindwa kuiacha kwa wakati.

Ukienda hospitali, shika tofauti hii. Ukisema "tumbo limevimba", daktari ataanza kufikiria ini, au maji yaliyojaa tumboni. Ukisema "nimevimbiwa", atakuuliza ulikula nini. Neno moja linaweza kubadili vipimo utakavyoandikiwa.

Niliambiwa nina "uvimbe" kwenye kizazi. Nililia njia nzima nikijua ni saratani. Uvimbe maana yake saratani? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana, dada yangu. Hapana. Uvimbe ni sehemu yoyote ya mwili iliyovimba au kuota kinundu, na neno lenyewe halisemi sababu. Uvimbe wa kizazi huwapata wanawake wengi, na mara nyingi sana si saratani. Rudi kwa daktari umuulize waziwazi: ni uvimbe wa aina gani, na umepimwaje? Una haki ya kujibiwa kwa maneno unayoyaelewa. Linanisikitisha jambo hili, kwamba mtu anapewa neno moja zito kisha anafunguliwa mlango.

Wazee wetu hawakuacha kila kilichovimba kiitwe uvimbe. Mtoto akijigonga kwenye fremu ya mlango, paji la uso huota *nundu*. Tezi ya kinenani ikivimba kwa sababu ya kidonda cha mguuni, huo ni *mtoki*. Mashavu yakijaa chini ya masikio, ni *matubwitubwi*. Shingo ikivimba kwa mbele kwa kukosa madini joto ni *rovu*, na ndiyo sababu tunahimizwa kununua chumvi iliyotiwa madini hayo. *Matende* ni mguu uliovimba kwa minyoo inayoenezwa na mbu, ugonjwa ambao watu wa pwani wanaujua vizuri. Anayeyajua majina haya hueleza anachoumwa kabla hajaguswa.

Chuma kikipata joto hupanuka au hutanuka? Vitabu vyangu vinatofautiana. (Mwalimu wa sayansi, Morogoro)

Mimi nafundisha *tanuka*, kwa sababu chuma huongezeka pande zote, urefu nao ukiwamo. Nyaya za umeme kwenye nguzo hulegea zaidi saa za jua kali kwa sababu zimerefuka, hazikupata upana tu. *Panuka* iachie barabara na mto. Mpira wa manati *huvutika*. Fimbo mbichi inayokunjwa isivunjike *hunyumbuka*.

Mtu mwenye hasira amefura au amevimba? (Msomaji, Zanzibar)

Yote husemwa. Mimi napenda *amefura*, kwa kuwa neno hili hukuonyesha uso: mashavu yamejaa, pua imetanuka, na salamu haiitikiwi. Aliyeng'atwa na nyuki shavuni naye hufura, bila hasira yoyote. *Amevimba* kwa vijana wa leo huweza kuwa mtu anayejidai tu, amependeza na anataka aonekane.